Mafunzo ya akili hisia kwa walimu, siku tatu kwa laki moja na ishirini: nilichopata na nilichokosa

Hii nimekaa nayo mihula miwili bila kuiandika, nilitaka kwanza nione kama itadumu darasani, maana semina nyingi ukitoka unakuwa wa moto wiki moja alafu wiki ya pili umerudi palepale. Sasa naona nina cha kusema. Mimi nafundisha kemia na baiolojia sekondari ya kata, kidato cha pili na cha tatu, mkondo mmoja una wanafunzi 78 mwingine 81, na likizo ya mwezi wa sita nililipa mwenyewe mfukoni kwenda mafunzo ya siku tatu ya stadi laini (soft skills, zile za kuhusiana na watu) na akili hisia kwa walimu na wakufunzi, pale Morogoro mjini. Waandaaji siwataji, ni watu binafsi na najua wapo wengi wanaofanana nao siku hizi, ninachotaka mwalimu mwenzangu ujue cha kuangalia kabla hujatoa hela yako.

Hiyo laki na ishirini ni chai ya saa nne, chakula cha mchana, kitini na cheti, nauli na pa kulala unajitegemea. Tulikuwa 34, wengi wa sekondari, wa msingi wachache, na wakufunzi wanne wa ufundi ambao kwakweli ndio walikuwa na maswali mazuri kuliko sisi wote. Chakula kizuri, ukumbi una feni zinazofanya kazi, muda waliheshimu. Hapo sina neno.

Siku ya kwanza haikuwa na thamani ya hela. Saa ya kwanza ilikuwa nzuri, tulielezwa kwamba mwaka 1990 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, waliandika maelezo ya akili hisia kama uwezo wa kutambua hisia zako na za wengine, kuzitofautisha, na kuzitumia kuongoza mawazo na matendo yako. Mimi hapo kwenye kuzitumia ndipo niliposhika, kwa sababu huku kwetu ukisema mwalimu ana hisia watu wanaelewa mwalimu mpole, mwalimu anayelialia, kumbe hapa inaongelewa kazi kabisa, kwamba hasira ikija unaijua ni hasira na unaamua ufanye nayo nini. Basi ningependa tukae hapo, lakini mwezeshaji akahamia kwenye jaribio la rangi nne za tabia, wewe nyekundu mwenzako bluu, na tukazunguka na hizo rangi mpaka saa kumi. Watu walicheka, walifurahi, ila tangu nirudi shuleni sijawahi kukutana na tatizo hata moja la darasani ambalo rangi yangu imenisaidia kulitatua, na mwanafunzi wa miaka 15 ukishamweka kwenye rangi ushaacha kumwangalia.

Siku ya pili ndiyo iliyonifanya niandike haya yote. Akaja mama mmoja mwalimu mstaafu, amewahi kuwa mkuu wa shule miaka mingi, hana slaidi, hana kipaza sauti. Tukamwamkia, akatuambia tutoe karatasi, tuandike jina la mwanafunzi mmoja ambaye ukimwona asubuhi anaingia getini tumbo linakukaza. Ukumbi ulitulia kimya. Kila mtu aliandika, hakuna aliyesema sina.

Wangu ni kijana wa kidato cha pili, anakaa nyuma upande wa dirishani, nikimuuliza swali anasimama, hajibu, anatabasamu. Mwaka mzima nilikuwa nachukulia ile tabasamu ni dharau. Nilishamtoa nje, nilishampigisha magoti, nilishampeleka kwa mwalimu wa nidhamu, na kila nikimwona nilikuwa naingia darasani nimeshakasirika kabla hata sijaandika tarehe ubaoni.

Mama akatupanga watatu watatu, mmoja anaigiza yule mwanafunzi wake, mmoja anakuwa wewe, wa tatu kazi yake ni kuangalia miili tu, mikono iko wapi, taya, mabega. Mimi nikawa kijana wangu. Mwenzangu wa Kilosa akawa mimi, akasimama mbele kama mita moja hivi, akaniuliza kwa Kiingereza nieleze tofauti ya elementi na kampaundi, akanikazia macho, watu wanasikiliza. Na mimi mwalimu wa kemia mwenye digrii nikatabasamu. Sikupanga kutabasamu, uso wenyewe ulifanya. Yule wa tatu akaniambia mabega yako yamepanda na unashika vidole. Nilikaa chini na machozi yananilenga kwa sababu nilimwona yule mtoto, niliona aibu yake, na sisi wenyewe tumelelewa hivyo, mkubwa akikubana mbele za watu huwezi kumjibu wala kumkazia macho, unachoweza ni kuinama au kutabasamu. Nilikuwa namwadhibu mtoto kwa kuona aibu.

Baada ya hapo akatuletea habari ya kusubiri. Kuna mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, ambaye miaka ya sabini alionyesha kwamba mwalimu akishauliza swali kwa kawaida anasubiri kama sekunde moja tu au chini yake kabla hajamrukia mwingine au kujibu mwenyewe, na akisubiri sekunde tatu au zaidi majibu yanakuwa marefu, wanaojibu wanaongezeka, na wale wa kukaa kimya wanapungua. Tukapimana kwa simu. Mimi sekunde moja haikufika. Sasa hapo mkufunzi mmoja wa ufundi akasema kitu ambacho nadhani ndicho cha maana kuliko vyote kwa sisi wa sekondari Tanzania, akasema hizo sekunde tatu ni za mtoto anayeulizwa kwa lugha anayoiota. Wa kwetu amesoma msingi kwa Kiswahili, kaingia kidato cha kwanza kila kitu Kiingereza, ukimuuliza inabidi kwanza aelewe swali, afikiri kwa Kiswahili, atafute maneno ya Kiingereza, ayakague yasije yakachekwa, ndio anyooshe mkono. Wewe ushahamia kwa mwingine zamani. Kwahiyo ule ukimya tunaouita ubishi au uvivu mara nyingi ni mtoto bado yuko njiani.

Niliporudi nilibadilisha hicho tu kwanza. Nauliza, nawaambia mwambie jirani yako kwa Kiswahili, nahesabu kimoyomoyo mpaka kumi, ndio nachukua mkono. Wiki mbili za mwanzo ilikuwa tabu kweli, ukimya wa sekunde kumi mbele ya watoto 80 ni mrefu jamani, unaona kama kipindi kinakupotea. Ila sasa nina wanaojibu ambao tangu waje kidato cha kwanza sikuwahi kusikia sauti zao.

Kitu kingine cha yule mama nakitumia kila siku: hasira ikipanda, kabla hujasema neno, weka chini kilichoko mkononi. Chaki, kitabu, chochote, weka mezani, pumua nje taratibu kuliko ulivyovuta, jiambie kimya jina la hiyo hisia, nimekasirika, au nimeaibika, au nimechoka tu sijala. Alisema mkono uliofungwa unaongoza mdomo. Mimi nimegundua nusu ya hasira zangu za kipindi cha saa saba mchana ni njaa na joto.

Na hapa ndio nafika kwenye kasoro kubwa, maana kwenye shule zetu kilichoko mkononi mara nyingi ni fimbo, na mafunzo ya siku tatu kuhusu hisia za mwalimu hayakugusa fimbo. Mwenzetu aliuliza siku ya tatu, mwezeshaji mwingine (siyo mama) akasema hayo tuwaachie wizara, tukaendelea. Hapana. Huwezi kunifundisha kutawala hasira ukaruka mahali ambapo hasira yangu inamwangukia mtoto. Angalau tungesomewa kanuni zenyewe, maana wengi hatuzijui: kanuni za 2002 zinasema ni kwa makosa makubwa ya nidhamu, viboko visizidi vinne, anachapa mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, wa kike achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na iandikwe kwenye kitabu. Linganisheni na tunavyochapa, mwalimu wa zamu na fimbo yake mstarini asubuhi, darasa zima limechelewa, darasa zima linapigwa. Wenzetu Kenya walishapiga marufuku viboko shuleni tangu 2001. Mimi nimechapa, miaka tisa ya kazi nimechapa wengi, na nikikumbuka vizuri ni wachache sana niliowachapa nikiwa nimetulia. Tangu mwezi wa nane siingii na fimbo darasani. Hicho nilikiamua mwenyewe njiani kwenye basi, hakikuwa kwenye kitini chao.

Kasoro ya pili ni ukubwa wa madarasa. Mifano yote ya kitini ni ya darasa la watoto 20 wamekaa duara. Eti msalimie kila mwanafunzi mlangoni kwa jina. Nilifanya hesabu hapohapo, wanafunzi 80 kwa sekunde tano tano ni dakika karibu saba, na kipindi ni dakika 40. Tangu elimu bila ada ianze 2016 watoto wamekuja wengi, na ni jambo jema kabisa waje, lakini anayetufundisha akili hisia aje na njia ya kumwona mtoto mmoja ndani ya 80. Mimi nimejitengenezea yangu: nina orodha ya darasa, kila kipindi naweka alama watoto watano, hao watano lazima nipite kwenye madawati yao, nimwite jina, nimuulize kitu kimoja kisichohusu kosa. Vipindi 16, 17 hivi nimemaliza mkondo, naanza upya. Haijatoka kwa mtu, jaribuni.

Sehemu nyingine ya siku ya tatu ilikuwa uchovu wa kazi (burnout). Walieleza vizuri kwamba Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliuweka kwenye orodha yake ya magonjwa kama hali inayotokana na kazi, siyo ugonjwa, na dalili zake tatu, kuishiwa nguvu, kujitenga au kuichukia kazi, na kuona hufanyi kitu cha maana. Ile ya pili ndiyo iliyotugusa wengi, pale mwalimu anapoanza kusema hawa watoto hawafundishiki. Lakini ilikwenda mbiombio, saa nane wakaanza kugawa vyeti na kupiga picha. Kundi la WhatsApp waliloahidi la kufuatiliana likadumu wiki tatu, baada ya hapo ni matangazo ya kozi nyingine tu. Kama kuna kitu kinauma ni hicho, maana haya mambo yanahitaji mtu wa kukuuliza baada ya mwezi, vipi yule kijana?

Yule kijana nilimwita baada ya kipindi, pembeni, tukiwa tumesimama wote bega kwa bega tunaangalia uwanjani maana uso kwa uso asingeongea, nikamuuliza kwa Kiswahili nikikuuliza darasani huwa kunatokea nini. Alikaa kimya muda mrefu, nikasubiri, alafu akasema "madam, nikisimama nasahau hata jina langu." Tukakubaliana atajibu akiwa amekaa. Hajawa wa kwanza, yuko katikati ya darasa, ila anajibu, na bado anatabasamu.

Kwahiyo je, ulipe? Kama ni mwalimu mpya miaka miwili mitatu kazini, nenda, ila uliza kwanza mambo haya: nani anawezesha na amewahi kushika darasa la watu zaidi ya 60, kuna igizo la mwanafunzi wako halisi au ni slaidi tu, wanaongelea adhabu au wanaruka, na nani atakupigia baada ya mwezi. Wakikujibu kwa kukuonyesha cheti, hela yako iweke. Kama shule yenu jumuiya za kujifunza za MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) zinakutana kweli, lile zoezi la karatasi na watatu watatu mnaweza kulifanya wenyewe bure, sisi tumeshalifanya mara mbili ofisini baada ya vipindi, walimu tisa, na mwalimu wa nidhamu alikuja mara zote mbili.

Mimi nawapa tatu kwa tano, na hizo tatu zote ni za siku ya pili. Nimewaandikia nikawaambia wakimleta tena yule mama nitarudi, nilipie siku moja tu, elfu arobaini, bila cheti. Bado hawajanijibu.