Uzoefu wangu na matairi ya mvua kwenye kona iliyoinamishwa

Matairi ninayoyatathmini hapa ni ya mvua ya mashindano, la mbele 120/70 na la nyuma 190/55, yote ya rimu ya inchi 17, nami niliyafunga kwenye pikipiki ya cc 600. Nimeyatumia katika uwanja ambao kona yake kubwa imeinuliwa upande wa nje kwa takriban digrii 18, na hapo ndipo tathmini hii inapotofautiana na nyingi ambazo nimewahi kuzisoma. Mtengenezaji anaeleza kwamba yanafaa kwa uwanja wowote wenye maji. Katika kona za kawaida sina ila ya kuyatia, lakini kwenye mwinamo ubora wake una muda maalumu, na muda huo ukikwisha hauagi.

Mpira wake ni laini kiasi kwamba ukiubonyeza kwa ukucha alama hubaki kwa muda. Kashata zake, yaani vipande vya mpira vilivyo kati ya mifereji, ni ndefu, na mifereji ni mipana, imechorwa kwa kuelekea pembeni ili maji yasukumwe nje badala ya kunaswa chini ya tairi. Karatasi ya maelekezo ilitaka yapashwe hadi nyuzi joto 60 tu, yaani chini sana ya joto ambalo sliki, matairi ya lami kavu yasiyo na mifereji, huhitaji kabla ya kuingia uwanjani. Kwenye kona tambarare zilizolowa, tairi la mbele linamweleza dereva kila kitu kupitia usukani, na breki zinaweza kushikwa kwa nguvu ambayo mtu aliyezoea matairi ya barabarani hawezi kuiamini hadi ajaribu mwenyewe. Kuhusu kona hizo sina la kuongeza.

Kwenye mwinamo hesabu hubadilika kabisa. Chukua kona yenye nusu kipenyo cha mita 200. Ikiwa ni tambarare, pikipiki inayopita kwa kilomita 150 kwa saa inahitaji mshiko wa pembeni unaokaribia asilimia 88 ya uzito wake, kiwango ambacho ni vigumu kukipata kwenye lami iliyolowa hata ukiwa na matairi bora. Kona hiyohiyo ikiinuliwa digrii 18, mshiko unaohitajika unashuka hadi karibu asilimia 44 ya mzigo ulio juu ya matairi, na pikipiki inalala takriban digrii 24 tu kutoka mstari uliosimama wima juu ya lami badala ya digrii 41. Kwa mwendo wa kilomita 90 hivi, tairi halihitaji mshiko wowote wa pembeni, kwa sababu mwinamo wenyewe ndio unaoigeuza pikipiki. Ndiyo maana mizunguko ya mwanzo katika mvua kubwa ilinifurahisha mno: mahali nilipopahofia kuliko pote ndipo palipokuwa rahisi kuliko pote.

Hata hivyo, mwinamo hautoi bure. Katika mfano huohuo, mzigo unaoyagandamiza matairi unazidi uzito wa kawaida kwa zaidi ya moja ya tano, na kwa kuwa pikipiki imesimama karibu wima juu ya lami, mzigo huo unaangukia sehemu nyembamba iliyo karibu na katikati ya tairi, mzunguko baada ya mzunguko. Shokapu nazo zinazama. Ushauri wa kawaida wa mvua ni kulegeza springi ili pikipiki iwe mpole, lakini kwa uwanja wa aina hii nauona ushauri huo haufai ukichukuliwa mzimamzima. Mimi nililegeza mbele kidogo na nyuma nikaacha kama ilivyokuwa wakati wa ukavu, na pikipiki ikatulia.

Maji yenyewe pia yana tabia yake. Hayatuami juu ya mwinamo, bali hutiririka kuelekea upande wa ndani na kukusanyika pale mwinamo unapokutana na sehemu tambarare, hasa kwenye njia ya kutokea ambako dereva ameshaanza kufungua mafuta. Hapo ndipo mifereji ya matairi haya inapolipa gharama yake. Nilivuka mkondo huo nikiwa na mwendo mkubwa, na tairi la nyuma lilitikisika kidogo tu kisha likashika, ilhali matairi yenye mifereji myembamba yangeelea juu ya maji. Kasoro niliyoiona ni kwenye mistari ya rangi na viraka vya lami ya kuzibia nyufa. Katika mzunguko wa taratibu nyuma ya gari la usalama, mwendo ukiwa chini ya ule ambao mwinamo unaudai, pikipiki huvutwa kuteremka upande wa ndani, na tairi likikanyaga rangi huteleza kuelekea chini. Katika kona ya namna hii mwendo mdogo mno nao una hatari yake, jambo ambalo ni gumu kumweleza mtu aliyelelewa kwenye viwanja tambarare.

Lawama yangu kubwa inahusu kipindi ambacho mvua imekatika. Mwinamo hukauka mapema kuliko sehemu nyingine kwa sababu maji yake yameshateremka, kwa hiyo unapata uwanja ambao nusu umelowa na kona yenye mzigo mkubwa kuliko zote ni kavu. Mpira laini uliotengenezwa upozwe na maji sasa unakandamizwa bila maji. Kashata za katikati zilianza kujikunja, pikipiki ikawa inayumba kwenye mwinamo kana kwamba tairi limepungua upepo, na nilipoingia kwa mafundi tulikuta kingo za kashata zimemeguka huku pembeni zikiwa karibu mpya. Kupita makusudi juu ya maji kwenye sehemu iliyonyooka kulisaidia kuyapoza, lakini kwa muda mfupi tu. Katika MotoGP, mashindano makuu ya pikipiki duniani, dereva huruhusiwa kubadilisha pikipiki hali ya hewa inapogeuka. Sisi wenye pikipiki moja tunategemea jicho na fundi mwenye mkono mwepesi.

Huu ni mwinamo wa digrii 18 tu. Uwanja wa Daytona, nchini Marekani, kona zake zina digrii 31, na magari ya NASCAR, mashindano ya magari ya huko, hayashindani kwenye viwanja vikubwa vya namna hiyo mvua ikinyesha. Mtengenezaji anayeandika "uwanja wowote" angepaswa kuwaza hilo kabla ya kuchapisha karatasi yake.

Nitayanunua tena, kwa mpango tofauti kidogo. Tairi la mbele linadumu mara mbili ya la nyuma, kwa hiyo kuyanunua kwa jozi ni hasara. Bora kuagiza la mbele moja na ya nyuma mawili. Nitachukua pia rimu za akiba zilizokwisha kufungwa sliki, ili mstari mkavu ukishaonekana juu ya mwinamo nisilazimike kuhesabu mizunguko iliyobaki kwa kuviziavizia kashata.