Kamera yangu ndogo: nibadilishe au nisubiri?

Huu ni mwaka wa tatu naitumia, na kinachonikera ni kimoja tu: kulenga. Jioni mwanangu akikimbia, lenzi huenda mbele, ikarudi nyuma, na picha ikatoka na ukungu. Wakati huo haurudi tena, na huniuma.

Toleo jipya limeshatoka, nami nimelishika mkononi. Linalenga haraka, kweli. Lakini sensa, kile kipande kinachopokea mwanga wa picha, ni ileile inayoitwa ya inchi 1 (kwa kweli ni milimita 13.2 kwa 8.8), na lenzi ni ileile.

Hapo ndipo niliposita. Kulenga, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya programu iliyomo ndani ya kamera, na programu hurekebishika. Watengenezaji wa kamera Fujifilm walifanya hivyo: kamera yao X100 ya mwaka 2011 ilipata programu mpya mwaka 2013, toleo lililoifuata likiwa tayari sokoni, ikaanza kulenga haraka zaidi. Programu haiwezi kukuza sensa wala kupanua lenzi ipitishe mwanga zaidi. Lingekuwa hilo tatizo langu, ningebadilisha leo.

Nasubiri programu mpya. Betri ya pili nitanunua, maana hii (nayo haiponi kwa programu) huisha kabla ya picha 200.