Singer ya miguu ya mama: kichwa cha cherehani msikipulize rangi!

Mbukwenyi watu wangu! Karibuni tena kwenye chaneli. Leo Dodoma kuna upepo wa hatari kwaio mkisikia vuuu kwenye maiki mnivumilie, dirisha nimefunga ila vumbi la huku mnalijua lenyewe.

Haya, mzigo wa leo huu hapa. Cherehani Singer ya miguu, modeli ya 15, nyeusi. Siendi kuwaeleza inashonaje, mmeikuta kwenye mabaraza ya mafundi tangu mko wadogo, mshono wa kunyooka mbele na nyuma basi, zigizaga hamna. Tupite.

Nachotaka mkione ni hiki. Ngoja nisogeze kamera... hapo hapo. Huu mkono unaopanda na kushuka uzi unapita kwenye hiki kitundu, alafu unashuka kwenye hiki kikulabu kidogo juu ya sindano. Nawasha tochi. Mmeona? Kuna mfereji hapo! Hiyo ni chuma jamani, na kilichoikata ni uzi, uzi wa kawaida huu, umepita palepale miaka nenda rudi mpaka umeikula chuma kama kamba inavyokula ukingo wa kisima. Napitisha kucha... inakwama. Narudia taratibu, sikilizeni. Huo mfereji ni kaptula na sketi za shule za Mpwapwa, mama alikuwa anashona sare Desemba yote mpaka Januari shule zinafunguliwa, usiku anawasha chemli sisi tumelala chumba cha pili tunaisikia tu inakwenda, ikinyamaza tunajua anajaza bobini.

Shukeni huku chini. Nakshi za dhahabu kwa nyuma zinang'aa bado, ila mbele hapa zimekwisha, kwanza zinapauka zinakuwa rangi ya fedha alafu zinafutika zote. Ni vitambaa na pini vilivyokuwa vinaburuzwa hapa, na kiganja chake cha kushoto alikuwa anakiegemeza kwenye hii kona. Na hii mistari miwili pembeni ya mguu mdogo unaobana kitambaa sio ajali, kaichora mwenyewe na ncha ya msumari. Naweka tepu... wa kwanza sentimita moja na nusu, huo wa kuunganishia. Wa pili sentimita tatu, pindo la kaptula. Sasa naweka kitambaa, ukingo naulaza kwenye mstari, nakanyaga... tepu siigusi... haya pimeni wenyewe. Moja na nusu mwanzo mpaka mwisho! Nikiweka mkono pale nashona kwa kipimo chake, na hiki kitu hakuna duka linaloniuzia.

Sasa kinachonikera. Mkanda ulikatika nikaenda kwa fundi mmoja hapa mjini, hata hajaukagua ananiambia niachie nikupulizie rangi, nikubandikie stika mpya, laki mbili na nusu unauza leo leo. Nikabeba kichwa cha cherehani yangu, ile sehemu ya juu inayoshona, nikaondoka. Jamani mnaopuliza hizi mashine mnaua! Rangi inaingia kwenye vitundu vya mafuta inaziba, chuma kinasagana kikavu, miezi michache inakuwa nzito kukanyaga. Na namba je? Namba iko kulia hapa chini, yangu ina herufi mbili ya kwanza E, hiyo ni ya kiwanda cha Clydebank kule Scotland, kimefungwa 1980. Kwa hiyo namba unaweza kutafuta mwaka mashine ilipotengenezwa. Ukiijaza rangi unasoma nini?

Miguu ya chini hii ikishika kutu sawa, piga rangi, sina neno. Na ubao ukipasuka badilisha. Nasemea kichwa.

Najua kuna watu watasema mbona Butterfly. Butterfly sina ugomvi nayo, ya Shanghai ile, na nyingi muundo wake ni huu huu wa 15, sindano zilezile na bobini zinaingiliana, spea kila duka, anayeanza leo akanunue hiyo. Ila wale wa cherehani za umeme za mtumba kutoka Japani, geuzeni msome kibao, kimeandikwa volti 100, sisi umeme wetu 230, ukichomeka bila transfoma unasikia harufu tu.

Mafuta: ya cherehani, yale meupe mepesi. Ya kula yanaganda, na kwa vumbi la Dodoma yanageuka tope humo ndani. Futa vumbi kwanza ndio uweke mafuta, na wakati wa upepo funika.

Eeh nilisahau droo! Vifungo vya shati, kipande cha chaki, na shilingi tano ile ya pembe yenye picha ya Mwalimu. Navirudisha vyote, droo inabaki hivyohivyo.

Kwenye laivu wengi mliuliza naiuza bei gani. Haiuzwi, ata mkifika milioni msihangaike. Ila nataka vya kwenu, cherehani, pasi ya mkaa ya bibi, koti la mtumba ulilovaa kidato cha kwanza mpaka cha nne, nitumieni video fupi lakini mnionyeshe palipolika, pale mkono wa mtu ulipokuwa unashika, palipong'aa sina haja napo. Nzuri zote naziweka humu.

Mkanda wa ngozi nimeupata Majengo, elfu tano na klipu yake, Ijumaa naufunga hapahapa mkiona alafu tunaitia jinzi mikunjo minne tuone kama inapita. Kengele bonyezeni!