Mgonjwa wa kiharusi: abaki wodini au auguzwe nyumbani?
Kwa gharama, nyumbani huonekana nafuu, hasa kwa familia ya Newala inayolipia nauli na chakula cha ndugu anayemuuguza mgonjwa Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Mtwara mjini. Lakini mikono inayokosekana shambani msimu wa korosho nayo ni gharama. Kwa usalama, siku za mwanzo wodi inashinda bila ubishi: muuguzi hupima uwezo wa kumeza kabla mgonjwa hajapewa uji, kwani uji ukiingia mapafuni huleta nimonia. Kumgeuza kila saa 2 ili asipate vidonda mgongoni na visiginoni, ndugu waliofundishwa huimudu kazi hiyo, pengine kuliko wodi iliyojaa. Ambaye shinikizo lake la damu halijatulia asiharakishwe kutoka. Aliyetulia, mwenye watu wa kupokezana usiku, anaweza kuuguzwa nyumbani, mradi kliniki na dawa zisikatizwe.