Pasteur au Koch: ukitaka kusoma historia ya vijidudu vya magonjwa, uanze na nani?
Louis Pasteur wa Ufaransa alikuwa mkemia. Mwaka 1885 alimchanja mtoto Joseph Meister, aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa, naye hakuugua. Kwa upande wa chanjo, Pasteur yuko mbele.

Mimi lakini ningeanza na Robert Koch, daktari wa wilaya Ujerumani aliyechunguza kimeta, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu pia, kwa hadubini nyumbani kwake. Ndiye aliyeonyesha namna ya kuotesha bakteria wa aina moja peke yao juu ya kitu kigumu. Agari, ute wa mwani unaoganda na kutumiwa kuoteshea bakteria, ililetwa na Fanny Hesse, mwanamke anayestahili kutajwa zaidi. Tarehe 24 Machi 1882, jijini Berlin, Koch alimtangaza bakteria wa kifua kikuu. Tuberkulini, dawa yake ya kifua kikuu ya 1890, hata hivyo, haikuponya wagonjwa.