TAHADHARI: Zile tarakimu sita za WhatsApp usimpe mtu, hata kama ni shemeji yako

Naandika hii nikiwa na aibu, maana mimi ndiye ninayejulikana kwenye ukoo kwa kuwasumbua watu na maonyo ya matapeli wa mtandaoni. Safari hii nimeliwa mwenyewe.

Jumamosi asubuhi, wiki mbili zilizopita, niliingia WhatsApp nikakuta meseji ya shemeji: "Habari. Samahani, nimekosea nikaandika namba yako badala ya yangu. Kuna tarakimu sita zitakuja kwako, nitumie haraka muda unaisha." Jina lake, picha yake, namba yake ileile ya miaka yote. Tarakimu zikaingia, nikazituma. Hata chai sikuwa nimeiweka chini.

Meseji iliyoleta zile tarakimu ilisema wazi kwamba msimbo huo usimpe mtu yeyote. Macho yangu yaliruka maneno, yakadaka namba.

Kumbe akaunti ya shemeji ilikuwa imetekwa tangu jana yake, kwa ujanja huohuo. Tapeli aliandika namba yangu kwenye simu yake kana kwamba anafungua akaunti, msimbo ukaja kwenye laini yangu kama kawaida, akabakiwa na kazi moja tu ya kuniomba. Hakudukua chochote. Ningekuwa na nenosiri refu kama treni lisingenifaa, kwa sababu hakuna mahali lilipoulizwa.

Nikiisoma meseji ile leo, naona ilivyonipigia kelele. Shemeji hajawahi kuniandikia "Habari" hata siku moja. Mimi kwake ni "shem", na kwanza haandiki, anatuma sauti ya dakika tatu yenye kucheka ndani yake. Tapeli asingejua hayo, kwani mazungumzo ya zamani hukaa kwenye simu ya mwenyewe, na anayesajili namba yako kwenye simu nyingine hayaoni. Anachopata ni makundi uliyomo, na humo ndani namba za watu wote. Basi analazimika kuandika meseji moja baridi inayomfaa kila mtu. Mtu wako wa karibu akianza ghafla kukuandikia kama karani, mpigie simu. Na umpigie kwa laini ya kawaida, maana ukipiga kupitia programu ileile atakayeona simu yako ni mwizi. Asipopokea, ngoja. Huo muda unaoisha ni wa mwizi, wewe haukuhusu.

Haikupita nusu saa, WhatsApp ikanitoa nje na "mimi" nikaanza kukopa. Jioni mama mdogo akanipigia, sauti imejaa huruma, akiuliza kama nimeshaonwa na daktari. "Daktari gani, mama?" Tukanyamaza wote wawili. Alikuwa ameshatuma hela.

Yakikupata, sajili namba yako upya hapohapo. Ukiingiza tarakimu sita mpya, mwizi anatolewa saa ileile. Mimi nilichelewa kwa hasira zangu: nilibonyeza "tuma tena" mara nyingi mno, programu ikanifungia kwa saa kadhaa huku mwenzangu akiendelea kukusanya michango. Nilipofanikiwa, nikakuta amewahi kuweka namba ya siri ya uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kufuli ambalo mimi sikuwahi kuliweka. Usipoijua namba hiyo unasubiri siku 7. Angalau katika siku hizo yeye pia huwa ametolewa. Wakati unasubiri, wapigie watu, waombe viongozi wa makundi wakutoe humo, na kama kuna aliyetuma hela, aripoti mara moja kwa kampuni iliyozipitisha. Kila dakika ina maana hapo.

Kwa ambaye bado yuko salama: fungua Mipangilio, kisha Akaunti, kisha uthibitishaji wa hatua mbili. Weka namba ya siri isiyo tarehe yako ya kuzaliwa, na uongeze barua pepe ili ukiisahau uweze kuiweka upya. Ningekuwa nimefanya hivyo, zile tarakimu sita peke yake zisingemtosha.

Ujanja huu una ndugu zake. Kuna kiungo cha "mpigie kura mtoto wangu kwenye mashindano": ukurasa unakuomba namba ya simu, kisha unakupa msimbo wa herufi na tarakimu nane uuandike kwenye WhatsApp yako. Hapo hupigi kura, unaiunganisha kompyuta ya mtu na akaunti yako. Huu mimi nauogopa zaidi, kwa sababu hutolewi nje. Anakaa kimya anasoma nawe. Kagua orodha ya vifaa vilivyounganishwa, na usichokitambua kitoe. Mwingine atakupigia akijifanya wa huduma kwa wateja, akutake ubonyeze nyota, tarakimu fulani, halafu namba ya simu. Ukibonyeza, simu zako zinaelekezwa kwake, pamoja na ile ya WhatsApp inayosoma msimbo kwa sauti. Ukishaingia mtego huo, kwenye mitandao mingi ##002# hufuta uelekezaji wote.

Halafu kuna hawa wa kuja baada ya msiba. Nilipotangaza hadharani kilichonipata, ndani ya saa moja nilikuwa na wageni watatu wenye heshima sana, kila mmoja anamjua "mtaalamu" wa kurudisha akaunti na hela zilizopotea, malipo kidogo tu ya kuanzia. Mmoja alinitumia hadi picha za watu aliowasaidia. Ni matapeli wa zamu ya pili, wanawinda waliokwisha kujeruhiwa kwa kuwa wanajua tuna haraka. Niliwazuia wote, ingawa wa tatu, nakiri, nilimsikiliza kidogo.

Akaunti yangu imesharudi. Kama wiki ile ulipata meseji yangu ya kuomba mkopo au tarakimu, sikuwa mimi. Tafadhali nipigie uniambie ilisemaje, hasa kama ulituma chochote. Bado naandika majina.