Rangi ya Waridi Isiyopauka: Ipi Ununue

Mwaka jana nilimchorea shangazi yangu mawaridi matatu kwa rangi za maji, akayatundika sebuleni kwake Upanga, mkabala na dirisha. Miezi sita haijatimia, petali za nje, zile nilizozipaka rangi nyepesi kabisa, zilikuwa zimepauka zikabaki na kijivu cha kivuli tu. Shangazi hakulalamika, aliniuliza kwa upole kama picha ilihitaji kufutwa vumbi.

Kosa lilikuwa kwenye tyubu. Ilikuwa na pigmenti (unga unaoipa rangi wekundu wake) yenye msimbo PR83, yaani alizarini, ambayo jua huila, hasa ikichanganywa na maji mengi. Kwa hiyo usihangaike na mng'ao wala idadi ya rangi katika seti: soma msimbo wa pigmenti ulioandikwa kwa herufi ndogo ubavuni. Kwa waridi, tafuta PV19.

Nafasi ya kwanza naipa Permanent Rose ya Winsor & Newton, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1832, katika daraja lake la Professional. Ni PV19 peke yake na inapitisha mwanga, hivyo ukipaka petali tabaka juu ya tabaka, la chini huendelea kuonekana. Tyubu ya mililita 5 inaonekana ghali, lakini tone lililokaukia kwenye sahani hulainika tena kwa brashi yenye maji, wala halipotei. Ya pili ni Quinacridone Rose ya Daniel Smith, yenye pigmenti hiyohiyo. Naiweka nyuma kwa sababu tu mkono wangu umeizoea ile ya kwanza. Ya tatu ni Cotman, ya wanafunzi, inayotoka kwa Winsor & Newton haohao. Opera Rose inapendeza machoni ila haidumu mwangani. Seti za bei nafuu zisizotaja pigmenti waachieni watoto.

Linaloniuma zaidi ni lebo za bei. Dukani Kariakoo nilikonunua tyubu ile, lebo ilikuwa imebandikwa juu ya msimbo wenyewe, na nilipoomba kuibandua, muuzaji alinijibu kwamba nikiibandua nimenunua. Mteja anafichiwa jambo pekee analopaswa kulijua, kisha anatozwa bei ya rangi bora. Siku hizi, lebo isipobanduliwa kwanza, silipi. Nikifika nyumbani napaka mstari kwenye karatasi, nafunika nusu yake kwa kadibodi na kuubandika dirishani. Mstari wa rangi niliyochorea mawaridi mapya ya shangazi uko hapo tangu Ramadhani, na nusu zote mbili bado zinafanana.